Nilimwambia Daktari ni Jana

Jumatatu, hospitalini

Nilisema jana. Daktari aliuliza Achieng aliumwa na buibui siku gani, na mimi mama yake nikasema jana, na kweli ilikuwa Jumamosi.

Buibui alikuwa kwa gunia la mahindi. Nilimwekea mtoto jiwe jeusi la mama mkwe, lile la kuvuta sumu ya nyoka. Lilishika kidonda, na lilipoanguka nikamwambia, "Sumu imeisha. Vaa nguo ya kwaya tuende kanisani, leo ni Sabato." Aliimba akitoka jasho. Jumapili moyo ukamwenda mbio, nikasema ni malaria tu, lala.

Leo asubuhi akaanguka jikoni. Hapa wamembandika nyaya kifuani. Daktari amesema sumu imefika kwa moyo, ndiyo unapiga ovyo.

Niliona aibu, ndiyo nikasema jana. Daktari akamgeukia Achieng. "Ni kweli?"

Akaniangalia. "Ndiyo, daktari. Jana."

Nyathina, mwanangu, mwenye kuumwa ni wewe na bado unanifichia mimi.

Sikuweza kula. Jioni nikamfuata sista wa wodi, nikamwambia yote, hata jiwe. Nilitaka anigombeze, nilistahili.

"Siku mbili, mama?" ndilo tu aliuliza. Akakata neno "jana" kwa karatasi ya daktari, akaandika Jumamosi, akaenda kumwita daktari. Alienda akikimbia.

Nimekaa kwa benchi hapa nje ya wodi. Mlango wamefunga. Tangu asubuhi sijaona sista mwingine akikimbia.