Afande Afunga Mlango

Jumatano, 7 Agosti 1996. Bugembe.
Kabalagala zangu, vile vibanzi vya ndizi vya kukaanga, zimeungua tena. Ndizi nzuri, mafuta mazuri, kichwa changu ndicho kibovu. Mafabi amefunga njuga mapajani tangu asubuhi, anarukaruka uani, majirani wanacheka. Ana miaka kumi na minane, anataka kutahiriwa kwa watu wa baba yake, Mbale. Sisi Wateso hatukati. Marehemu mume wangu, Mgisu wa huko, alikufa jeshini bila kuniambia nifanye nini na mtoto wake. Asante sana, bwana.

Sitaki akatwe. Sitaki pia aendelee kuitwa mtoto wa kambini, asiye na ukoo. Sasa nataka nini?

Ijumaa, 9 Agosti. Malukhu, Mbale.
Tumefikia kwa shemeji Kuloba, mdogo wa marehemu. Chai, karanga, kisha neno. Kabla ya kisu, kijana huenda kwa mjomba akachezewe ngoma, apakwe unga wa wimbi, apewe mbuzi. Ndiyo ruhusa ya upande wa mama. Bila hiyo, hakatwi kwenye uwanja wa ukoo. Atapelekwa hospitali kama mgonjwa.

Mjomba ni mmoja tu: kaka yangu Okiror, askari wa magereza hapahapa mjini. Afande mzima! Naye hajatahiriwa, na kila mwaka wa tohara hujifungia kambini asije akakamatwa akakatwa kwa nguvu.

Nilisema atatupokea. Mdomo huu!

Jumamosi, 10 Agosti.
Ufunguzi wa msimu wa tohara, kando ya mto. Bonde lote lilikuwepo, kila ukoo na ngoma zake. Mzee alishika kipaza sauti akasimulia. Zamani watu wa hapa hawakukata. Mwanamume mmoja akapenda msichana wa ng'ambo ya mlima, msichana akasema bila kisu hakuna ndoa. Basi.

Kumbe haya yote yaliletwa na mwanamke mgeni! Mbona mimi mgeni naambiwa nikae jikoni? Nilicheka peke yangu, halafu machozi. Ya nini, sijui.

Jumanne, 13 Agosti.
Aibu. Tulikwenda kwa Okiror, umati mzima ukiimba, Mafabi mbele. Kaka akaona watu, akadhani wamemfuata yeye. Akafunga mlango. Mke wake akasema dirishani kwamba afande yuko zamu. Na buti zake ziko hapo kizingitini! Ngoma zikanyamaza moja moja.

Shemeji amesema basi, kukatwa Jumapili hakupo. Nilifurahi. Kweli kabisa, nilifurahi. Kisha nikamwona Mafabi akifungua njuga, nikajichukia.

Alhamisi, 15 Agosti.
Nimekwenda kwa Okiror peke yangu. Nimemtukana kwa Kiteso, kisha kwa Kiswahili cha kambini, maana matusi ya jeshi yanatosha. Alisikiliza. Mwisho akauliza: Dada, wewe mwenyewe unataka? Nikamwambia mimi sijui, lakini mtoto anajua.

Akavaa sare. Akabeba mbuzi begani, tukapita Malukhu katikati ya mchana hadi kwa shemeji. Vijana wakamzomea, wakamuuliza kama kisu amekiona. Jasho lilimtoka, lakini alitembea. Akampaka Mafabi unga toka kichwani hadi miguuni. Hakuna aliyemgusa afande.

Wote walifurahi. Mimi hapana. Nilikuwa na njia moja ya kumzuia, na nimekwenda kuiziba mwenyewe kwa miguu yangu.

Jumapili, 18 Agosti.
Amekatwa. Nilikuwa ndani na wanawake, nimeshika nguzo ya katikati kama mtu anayezaa. Ndivyo mama hufanya huku. Nje kimya. Kisha filimbi, vigelegele. Hakupepesa jicho. Mawifi wakanivuta nikacheze, nikacheza. Kama nilikuwa nacheka au nalia, waulizwe wao.

Jioni nilimpelekea chakula. Haruhusiwi kukigusa kwa mkono hadi aoshwe na mkataji, kwa hiyo nilimlisha. Amechoka, amekuwa mpole. Akasema baba mdogo amempa kishamba karibu na mto. Atabaki huku, atajenga.

Nilisema vizuri, mwanangu.

Akafungua mdomo. Nikafinyanga tonge jingine, dogo.