Sweta Lililopigiwa Makofi

4 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kelele na cherehani imeacha kukata uzi. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama, na sababu utaisoma hapa hapa.

Wamenichagua! Nitapiga ogani kwenye onyesho la okestra, katika ukumbi mkubwa, pamoja na fidla, matarumbeta, ngoma, jeshi zima. Na piano juu yake. Mpiga piano ni yule baba mrefu mwenye mvi niliyewahi kukusimulia, ambaye hata akijaribu tu vidole, wafagiaji wanasimamisha mifagio.

Ogani ya pale si kile kinanda cha mezani unachokijua. Ni ukuta mzima wa mabomba, Shangazi, mengine manene kama pipa, mengine membamba kama kalamu. Mimi nakaa juu kabisa kwenye kiroshani, nimewapa watu wote mgongo. Mbele yangu kuna kioo kidogo kama cha kunyolea ndevu, na ndani yake namwona kiongozi wa okestra tu, yeye na kijiti chake. Watu wakifurahi siwaoni. Wakisinzia siwaoni.

Ndiyo maana nakuomba uje. Nataka macho yako kule chini. Wewe pindo la pazia likipinda unaliona ukiwa bado mlangoni, basi uniangalizie na watu. Tiketi mbili nimempa dereva wa lori la vitambaa pamoja na barua hii, kwa kuwa simu huitaki.

Mwanao,
Chiriku

---

11 Mei

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Goti ni lile lile, tunavumiliana. Cherehani niliizaba kibao kimoja, imeshika adabu. Na wewe ule, ulale. Nakujua ukiwa na jambo unaishi kwa chai.

Simu siitaki kwa sababu wewe ukiongea kwenye simu unameza nusu ya maneno. Kwenye karatasi huna pa kuyameza.

Nitakuja. Tiketi ya pili imemwangukia jirani yangu muuza nyama, baada ya wengine wote kutoa visingizio. Aliniuliza, "Wanaimba?" Nikamwambia hawaimbi, wanapiga vyombo tu. Akasema, "Basi mimi nitalala, na wakimaliza uniamshe taratibu." Anakuja ili aone kama suti yake bado inamwingia.

Nimemtangazia kila mteja. Kuna mmoja alikuja kuchukua mapazia ya jikoni, ameondoka anajua habari za mabomba yako kuliko za mapazia yake.

Shangazi yako

---

2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama mlirudi salama, na ninaona haya kwamba sikubaki kuwaaga. Nisamehe. Najua mlinitafuta.

Ulisikia mwenyewe. Kwenye kile kipande cha polepole, pale okestra yote inaponyamaza ili piano ianze peke yake, bomba moja nene lilikataa kunyamaza. Niliinua mguu kwenye kibonye chake, likaendelea. Nikavuta kila kitu cha kuvutwa. Likabaki linanguruma peke yake mbele ya ukumbi mzima, na kwenye kioo nikamwona kiongozi ameganda, mkono hewani. Piano ikalazimika kuanza juu ya ule mngurumo. Mwishowe nilikipiga teke kile kibonye cha miguuni, bomba likanyamaza, tukaendelea. Lakini tangu hapo nilipiga kwa hofu; joto likanizidi, nikavua sweta.

Halafu ule mwisho. Tulipiga wote kwa nguvu zetu zote, tukaacha, nikasubiri. Kimya. Hata kofi moja, Shangazi. Hata kikohozi. Mgongo wangu ulihisi macho ya ukumbi mzima. Nikazima ogani, nikatoka kwa mlango wa nyuma, ule mzito ambao ukijifunga husikii kitu tena, nikashuka ngazi, nikamwachia mlinzi ufunguo wangu.

Asubuhi nilimwandikia kiongozi atafute mtu mwingine. Kuna shule inatafuta mwalimu wa hesabu. Nitakwenda huko. Nambari hazingurumi.

Usimwambie muuza nyama.

Mwanao

---

6 Juni

Chiriku,

Marahaba. Tulirudi salama, asante, na mimi ni mzima, ila barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mwanangu, wewe ulikuwa ukumbi gani?

Uliniita niwe macho yako. Basi tulia nikupe nilichokiona, halafu utaamua mwenyewe.

Tulikaa roshani ya pembeni. Kushoto kwangu muuza nyama na suti yake (imemwingia, ila vifungo vilikuwa vinaomba msaada). Kulia alikaa bibi mmoja mnene mwenye fimbo. Mbele yetu walikuwa mume na mke waliofika wamenuniana, wameacha kiti kitupu katikati yao wakaweka koti. Nyuma yetu mzee mmoja mlalamishi: viti vigumu, taa kali, mlango unaingiza upepo. Mapazia ya jukwaani sisemi kitu, ila aliyeyakata alikuwa na haraka.

Piano ilipoanza, yule baba yako mwenye mvi alikuwa kama mtu anayemwaga mchele kwenye sinia ya fedha, punje moja moja, kila punje unaisikia. Muuza nyama alikuwa keshafumba macho kama alivyoahidi. Nikasema, haya, amekwenda.

Ndipo ukaingia wewe.

Sijui nikuambieje. Haikuja masikioni kwanza. Ilikuja kwenye kiti, ikapanda mgongoni, ikaingia kifuani, halafu ndipo masikio yakapata habari. Muuza nyama alifumbua macho akashika kiti kwa mikono miwili. Akainama akatazama chini ya kiti! Akaninong'oneza, "Mama, kuna mashine huku?" Nikamwonyesha juu, nikamwambia, "Mashine ni yule mtoto mwenye sweta la bluu." Hakusinzia tena. Yule bibi wa fimbo alivua viatu, akaweka nyayo sakafuni, akafumba macho anatabasamu kama anakandwa miguu.

Sasa bomba lako lililogoma. Nisikilize vizuri. Okestra ilinyamaza, na ikabaki ile sauti moja, chini kabisa, kama mtu mzima anayevuta pumzi kwenye chumba cha pili. Ukumbi wote ulijua kuna jambo linakuja. Piano ikashuka juu yake polepole, na yule mke wa mbele yetu akaweka mkono juu ya lile koti. Mume akautazama ule mkono muda mrefu, kisha akaufunika kwa wake. Mimi nikadhani ndivyo mlivyopanga. Kila mtu alidhani hivyo! Ingekuwa ni kosa, Chiriku, basi ningeomba nikosewe hivyo kila wiki.

Na ule mwisho. Kimya, ndiyo. Unajua kwa nini? Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukivunja. Nilikuwa nimebana pumzi. Mzee mlalamishi alikuwa amebana pumzi. Nilimwona kiongozi wenu hajashusha mikono, anatikisa kichwa kidogo kidogo peke yake. Hapo ndipo wewe ulipokuwa unatoroka, kumbe!

Kisha makofi yakaja. Hayakuanza kwa mtu mmoja, yalianza kila mahali kwa pamoja. Watu walisimama. Kiongozi akamwinua mpiga piano, akawainua wa fidla, kisha akanyoosha mkono juu kwako, na taa ikaelekezwa juu kwako, na watu wote tukainua macho. Kiti kitupu. Sweta lako la bluu limening'inia kwenye kona ya benchi.

Watu wakalipigia makofi sweta, Chiriku. Kwa muda mrefu. Mzee mlalamishi alipiga mluzi. Bibi wa fimbo akaniuliza, "Huyo mpigaji ana aibu?" Nikamwambia, "Ni mtoto wa kaka yangu," nikaendelea kulipigia sweta makofi.

Muuza nyama alinifuata mpaka kwenye ngazi za kutokea. Akasimama katikati, watu wanampita, akasema, "Sasa kitu kama hiki walikuwa wanatuficha miaka yote?" Tangu siku ile anakata nyama anapiga mluzi wa kile kipande cha polepole. Anakosea, lakini anajitahidi.

Rudi ukachukue sweta lako.

Shangazi yako

---

20 Juni

Chiriku,

Hujambo? Dereva wa vitambaa amekuja mikono mitupu. Nikamwambia apekue tena chini ya kiti, akapekua, hakuna.

Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama unaumwa, niambie nije. Na kama umeshaanza kufundisha hizo hesabu, basi niambie hata hilo, nijue nimepata mwalimu. Mimi sikuandika yale ili kukubembeleza. Nina miaka mingi ya kuwaambia wateja kitambaa walichochagua ni kibaya, nisingeanza uongo kwako.

Shangazi yako

---

27 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kimya changu. Siumwi. Barua yako ndefu niliisoma nikasema, huyu ni Shangazi, ananipenda, ataniambia nini kingine? Nikaiweka. Nikaichukua tena. Yule mume na mke wa koti ndio walionishinda. Nikajiuliza: hata mapenzi ya Shangazi yangeweza kubuni koti?

Ile shule waliniita kwenye usaili. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi, nikatafuta sweta, nikakumbuka liliko. Nikasema nipitie ukumbini nilichukue haraka.

Nilimkuta mpiga piano peke yake jukwaani anafanya mazoezi. Nilitaka kupita kwa kunyata. Akasema bila kugeuka, "Sweta liko kwangu. Nililitoa juu, vumbi lilikuwa limeanza kulipenda."

Nikamwambia nasikitika kwa lile bomba.

Akaacha kupiga. "Bomba gani?"

"Lile lililobaki linalia. Kwenye sehemu yako."

"Ile sauti?" Akageuka sasa. "Mimi nimekuwa nikikutafuta nikushukuru! Nimepiga kile kipande tangu ujana wangu, na kila mara nashuka pale peke yangu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Siku ile nilikuta mtu amenishikia mkono. Niliona wewe ni mpigaji jasiri ajabu."

"Haikuwa ujasiri. Kibonye kilikwama."

Alinitazama, Shangazi, halafu akacheka, akacheka mpaka akafunika piano ili asiiangukie. Alipopata pumzi akasema, "Basi kwama tena. Tunarudia mwezi ujao, watu wameomba."

Nikamwambia nimeshamwandikia kiongozi kwamba naacha. Akasema kiongozi alisoma barua mbele yao wote, akaikunja, akasema, "Huyu hakusikia makofi. Tumsubiri." Wamekwisha rekebisha kibonye. Mlinzi aliponirudishia ufunguo alisema alijua nitarudi, kwa sababu hakuna anayeacha sweta zuri hivyo.

Sikwenda kwenye usaili. Onyesho ni tarehe sita Julai. Dereva ameniambia una kazi ya mapazia ya hoteli na goti halipendi safari, kwa hiyo safari hii sikuombi uje. Niombee tu.

Mwanao,
Chiriku

---

7 Julai

Shangazi,

Shikamoo! Goti? Hoteli wamepata mapazia yao? Haya, sasa nisikilize, maana siwezi kungoja.

Ile sauti moja niliishikilia makusudi. Piano ikashuka juu yake taratibu, na safari hii niliisikia vile ulivyoniambia.

Lakini jambo lenyewe ni hili. Karibu na mwisho kuna mahali tunakata ghafla, sote, pumzi moja tu, kisha tunamalizia. Pale pale mtu mmoja huko nyuma akaanza kupiga makofi! Peke yake, kwa nguvu zote, kama anafukuza kuku. Mara wengine wakamfuata. Kwenye kioo nikamwona kiongozi mabega yanamtikisika kwa kicheko. Akainua kijiti, tukaingia, na mimi nikapiga ule mwisho wote nikiwa nacheka. Sijawahi kuupiga vizuri vile.

Tulipomaliza kweli sikugusa swichi. Niligeuka. Shangazi, nimewaona! Kuna baba alikuwa amembeba binti yake mabegani. Kuna kijana alikuwa analia wala hajifuti. Nyuso, nyuso, nyuso, zote zinaniangalia, na sikuogopa hata moja. Niliinama mpaka nikagonga kichwa kwenye ukingo wa kiroshani, wakacheka, nikacheka nao.

Laiti ungekuwepo.

Mwanao,
Chiriku

---

10 Julai

Chiriku wangu,

Marahaba. Mimi mzima, hoteli wanaweza kungoja.

Yule wa kuku ni mimi.

Tulikuja mimi na muuza nyama, safari hii tiketi kanunua yeye. Hatukukuambia ili usitutafute kwenye kile kioo chako. Nilikuwa nimeapa kwamba ukumbi ule hautakuachia kimya tena, hata kidogo, kwa hiyo mlipokata nikasimama. Mama aliyekaa pembeni akanivuta gauni, "Dada, hawajamaliza!" Nikamwambia, "Najua." Sikujua. Muuza nyama naye hakujua, lakini alisimama akanisaidia, na kiganja cha muuza nyama unakifahamu.

Mlipomaliza kweli nikasimama tena, nikaanza upya. Ndipo ukageuka. Mara ya kwanza niliuona mgongo tu. Safari hii nimekuona uso.

Mikono yangu bado inawaka moto, ndiyo maana mwandiko umepinda hivi.

Shangazi yako