Neno Aliloliuliza Mhakiki

Njombe Mjini,
Jumanne, mwezi wa saba.

Mpendwa mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba upepo wa huko Makambako haujakurudishia kile kikohozi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia uitumie, usiifungie kabatini kama kawaida yako ukingoja siku ya kuumwa zaidi. Mimi sijambo, ila baridi ya mwaka huu imetushika kweli. Asubuhi majani ya viazi yamekuwa meupe kwa barafu, na wanachuo wangu wanaingia darasani wamejitanda mablanketi. Nami nimeacha kuwakataza, maana hata mkufunzi wao anafundisha na shuka la kimasai mabegani.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo, na Jumapili tumezungumza vizuri tu. Sikuweza kusema, mama. Simu yako unaiweka sauti ya juu, na baba yupo hapo kitini anauliza nani kasema nini. Kwa hiyo barua hii nimempa Brightness wa mama mdogo Idda, nikamwambia akupe mkononi, akukute shambani au jikoni, asiitoe sebuleni. Nakuomba uisome ukiwa peke yako. Mwandiko ukiuona umekaa vibaya usidhani ni haraka. Naogopa.

Unaikumbuka ile kazi niliyokuja nayo kijijini kwetu Mahongole mwaka jana, nikakaa nanyi jikoni na kinasa sauti, nawe ukawa unanicheka kwamba nimesoma mpaka nimerudi kuokota maneno ya wanawake wanaomenya viazi. Ndiyo hiyo niliyoiandikia makala ya kongamano la wataalamu wa Kiswahili litakalofanyika Iringa. Inahusu ninyi wakamwana wa ukoo wetu mnavyolikwepa jina la baba mkwe, yaani babu yetu. Hapa sitaliandika, kwa kuwa msomaji ni wewe. Nilieleza jinsi ulivyotulea bila kulitamka. Yule mtume aliyekabidhiwa funguo ulimwita Mwenye Funguo, nami darasa la nne nikamwandika hivyohivyo kwenye mtihani wa dini, mwalimu akanichapa akidhani nafanya mzaha. Hata mafuta ya pikipiki huyataji, kwa kuwa jina la babu limo ndani ya neno hilo. Nikaandika juu ya ile siku ulipomtuma kijana wa bodaboda akuletee maji ya moto ya mashine, naye akarudi na chupa ya chai.

Wahakiki waliipenda. Kwenye ikisiri nilikuwa nimesema kwamba hii ni heshima, na kwamba lugha yetu imejaa heshima ambayo vijana wanaipoteza. Kichwa chenyewe cha makala kilikuwa na neno hilo. Baba nilipomweleza alifurahi nisivyowahi kumwona akifurahi kwa jambo langu. Unajua mwenyewe aliyoyafanya baada ya hapo. Alimwambia mchungaji, akawaambia wazee wenzake wa kanisa, na akapanga kwamba siku tutakayoweka jiwe kwenye kaburi la babu, makala iliyochapwa isomwe mbele ya watu. Amesema ataisoma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ili watu wajue babu yetu alikuwa mtu wa namna gani.

Basi kamati ikanirudishia makala niifanyie marekebisho ya mwisho. Maoni yalikuwa ya kawaida, nipange marejeleo vizuri, nipunguze maneno, nitafsiri mifano ya Kibena. Ila mhakiki mmoja, ambaye simjui kwa kuwa majina yao hufichwa, aliuliza swali moja. Alisema mwandishi anatuambia kwamba wanawake hawa hulikwepa jina kwa heshima, lakini katika mifano yote hajaona mwanamke hata mmoja akilisema neno hilo. Akauliza heshima ni neno lao au ni neno la mwandishi.

Nilikasirika kwanza. Nikajisemea huyu ni mtu wa mjini hajui mkamwana ni nani. Nikarudi kwenye sauti zenu ili nimtafutie sentensi moja tu nimfunge mdomo. Nimesikiliza zote, mama. Unacheka, unakohoa, unamfukuza kuku, unaniambia niongeze kuni. Kila ninapokuuliza kwa nini hulitaji, unasema ndivyo tulivyo. Mara nyingine unasema haifai, au unaniambia niache hayo nishike kisu nikusaidie kumenya. Heshima hukuitaja. Na mahali pale ninapokuuliza kama umewahi kulitamka hata kwa bahati mbaya, nasikia unainuka na mlango unafungwa.

Siku ile nilidhani umekwenda kuteka maji.

Nikapanda gari nikaja Makambako bila kukuambia. Nisamehe kwa hilo, nilipita karibu na nyumba yenu sikuingia. Nilikwenda kwa mama mdogo Idda. Yeye naye ni mkamwana wa babu yuleyule, nikaona ataniambia neno heshima mara moja nirudi Njombe nikamalize kazi. Akanipokea kwa salamu ya kamwene na vicheko, akanipa kimpumu cha wasiolewa, yaani togwa, kama anavyonitania siku zote. Nilipomsomea swali la mhakiki alikiweka kikombe chake chini. Akaniuliza kama baba anajua kwamba nimekuja. Nikasema hajui. Akaenda kuufunga mlango wa nje, mchana kweupe, na babu amekwisha kufa tangu mimi niko sekondari.

Aliyoniambia unayajua, lakini lazima ujue kwamba sasa na mimi nayajua. Alisema wewe ulikuwa msomaji kanisani ulipoolewa, na wainjilisti walikuwa wakikusifu kwa sauti yako. Alisema Jumapili moja ulipewa somo, na somo lenyewe lilikuwa la waraka wa yule mtume, na jina lake ndilo neno la kwanza la sura. Ukasoma kama kilivyoandikwa kitabu, maana ungefanyaje mbele ya madhabahu. Babu alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakusema kitu kanisani. Jioni, na ulikuwa mwezi kama huu wa barafu, akasema mwanamke anayemwita kwa jina kama mtoto wake hawezi kulala chini ya paa lake, akakutoa ukalale banda la kuni, wewe na Abrahamu mchanga mgongoni. Akaagiza mlango wa banda ufungwe kwa nje.

Sisi tumekua tukiambiwa kwamba kaka yetu Abrahamu alichukuliwa na kichomi. Hakuna aliyetudanganya. Kichomi ndicho kilichomchukua. Ila nimewaza jinsi unavyokataa kusoma kanisani kwa kisingizio cha macho, na macho hayohayo yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani, nasi watoto wako tumekuwa tukikutania kwa jambo hilo kila Krismasi. Mama, nilikutania hata mwaka jana.

Nikamuuliza mama mdogo mlango ule aliufunga nani. Akasema komeo lilisukumwa na baba. Akasema nisimchukie, kwa kuwa alikuwa analia huku anasukuma, na kwamba kijana wa siku zile angefanya nini mbele ya mzee yule. Nikamuuliza basi yeye Idda, kwa miaka yote hii, amelikwepa lile jina kwa heshima? Akasema mwanangu, woga. Sisi sote, akasema, ni woga, hata leo nikilisikia redioni naizima. Akaniruhusu niliandike neno hilo, ila bila jina lake, na bila habari ya Abrahamu, kwa kuwa hiyo alisema ni yako wewe.

Nilirudi Njombe nikiwa sijielewi. Niliwaza niiondoe makala kabisa, nimwambie baba imekataliwa. Nikawaza niache heshima ilivyo, maana nani Iringa atakwenda Mahongole kuhakikisha. Kila nilipotaka kuandika woga nilimwona baba amesimama karibu na kaburi na karatasi mkononi, na wewe umekaa kwenye mkeka na wanawake wenzako, mnasikiliza. Sikuweza kula. Mwalimu mwenzangu Remmy alidhani nina malaria akanipeleka zahanati nikapimwe.

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ilipofika umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi mchana nikakimbilia steshenari ya karibu na stendi kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa imekwisha chaji, nikakuta wanachuo wamejaa wanachapa ripoti zao. Nilipopata kiti tovuti ya kongamano ilikuwa karibu kufungwa. Pale ndipo nilipoamua. Kama ningeanza kupitia neno mojamoja ningeishiwa ujasiri, kwa hiyo niliiagiza kompyuta itafute heshima popote ilipo katika makala na mahali pake iweke woga. Ikafanya kwa mpigo mmoja. Nikatuma bila kusoma tena, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Dada wa steshenari, Oliva, akanifuata kuuliza kama nimefiwa.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie. Jana mhariri wa kongamano, mzee mmoja mpole sana, ameniandikia kwamba makala imepokelewa na kwamba jibu langu kwa mhakiki limemgusa. Ila akasema anadhani kuna mahali nimekosea, kwenye ukurasa wa mwisho. Nikaufungua. Ni ukurasa wa shukrani, mama, niliouandika miezi mingi iliyopita bila hata kufikiri, kama watu wote wanavyoandika. Nilikuwa nimeandika, Kwa heshima kubwa namshukuru baba yangu mzazi, mzee Shadrack, aliyenilea na kunisomesha. Kompyuta haikujua shukrani ni nini. Imeandika, Kwa woga kubwa namshukuru baba yangu mzazi, mzee Shadrack.

Mhariri amenipa nafasi ya kusahihisha mpaka leo. Nilikaa na sentensi ile siku nzima. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nimekumbuka ninavyosimama nje ya mlango wenu nikifika, nasikiliza kwanza kikohozi cha baba kimekaaje, ndipo nabisha hodi. Baba hajawahi kunipiga. Sijui naogopa nini. Labda na yeye hajui, labda alifundishwa woga huo na babu yuleyule, akatugawia sisi akidhani anatugawia adabu.

Leo asubuhi nimemjibu mhariri. Nimemwambia ni kweli pana kosa, ni kosa la upatanisho wa kisarufi, isomeke woga mkubwa badala ya woga kubwa. Mengine yabaki.

Ya kwako sikuyagusa. Jina lako halimo, wala la mama mdogo, na Abrahamu hayumo. Hayo yamo mikononi mwako, ukitaka yakae kimya milele yatakaa. Lakini ile shukrani ni yangu mwenyewe, kwa hiyo sikukuomba ruhusa. Najua siku ya jiwe baba ataifikia kwa sauti, kwa kuwa haruki hata koma. Nikiwaza hapo naweka kalamu chini. Siogopi atakavyonitazama mimi. Naogopa atakavyokutazama wewe.

Kwa hiyo nakuomba uje kwangu kabla ya siku hiyo. Sema goti, sema hospitali, sema lolote. Kitanda kipo, na mlango wa nyumba yangu komeo lake liko upande wa ndani. Tutaisoma pamoja kwanza, wewe na mimi, na ukisema nisiende Mahongole siku ile sitakwenda, na ukisema twende tutakwenda wote wawili.

Mpe salamu mama mdogo Idda, na majirani wote, na kaka Edward akija kutoka shambani. Mwambie Brightness asante kwa kubeba mzigo asioujua. Bwana akulinde mpaka tuonane.

Na baba akikuuliza nimeandika nini huko Njombe, mwambie nimemshukuru.

Mimi mwanao akupendaye,
Esnath