Friji Letu Limesikika Kwenye Habari ya Uongo

Alhamisi, 12 Juni. Asubuhi mawingu mazito, upepo kidogo, mvua haijanyesha.

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, tena kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili jioni natakiwa kumtaja mwongo mbele ya watu mia nne, na mwongo huyo ni mume wangu.

Nianze mwanzo. Tuna kundi kwenye simu la mashabiki wa mwimbaji mmoja wa zamani aliyeacha muziki na hataki tena kuonekana. Yeye tunamwita Shangazi, sisi tunajiita wapwa, na kwa kuwa yuko kimya watu humsemea, leo amekufa, kesho ameolewa, keshokutwa anarudi jukwaani. Kazi yangu mle ni kuzihakiki habari hizo, ndiyo maana wameniita Chujio. Picha ikiletwa natafuta ilipotoka mara ya kwanza, habari ikiletwa nauliza nani kaiandika na lini, wakisema ataimba ukumbi fulani napiga simu ukumbini.

Kazi hiyo imeniponya, sitakuficha. Mwaka jana tulimpoteza mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa hakulia, mimi nikabaki hospitali, mume wangu akatangulia nyumbani peke yake, na baada ya hapo nikawa mtu wa kitandani, nywele sichani, chakula nakisogezasogeza tu kwenye sahani, mume wangu, ambaye ni fundi wa lifti, anarudi kazini ananikuta vilevile alivyoniacha. Siku moja ikaingia habari kwamba Shangazi amefariki, nikaiona picha ya jeneza kama imeazimwa kwenye msiba mwingine, nikaketi, nikaomba miwani, nikaomba na chai, nikapiga simu huku na huku mpaka uongo ukabomoka, naye amesimama mlangoni ananitazama kama mtu aliyerudishiwa umeme.

“Enhe, umewakamata?”

“Nimewakamata. Kuna mkate?”

Tangu hapo habari za uongo hazikukauka, nyingi zikitoka kwa mtu anayejiita Mpwa Mtiifu, na kila moja ilikuwa na kosa la wazi, mara siku ya wiki haikubaliani na tarehe, mara kivuli kimeangukia upande wa jua, nami nikawa namcheka mezani, “Huyu Mtiifu jamani, hata kudanganya hajui,” na mume wangu anajibu, “Mwache, atajifunza.”

Wiki mbili zilizopita Mtiifu alileta sauti ya mtangazaji akisema Shangazi ataimba Jumamosi ile kwenye ukumbi wa zamani. Nilikuwa na homa, sikuifungua. Nilipokuja kuisikiliza ilikuwa Jumapili, niko jikoni, nikasikia friji letu likikoroma kisha likajigonga mara mbili kama mtu anayebisha hodi, ndivyo lilivyo, ni bovu, nikageuka kulitazama na hapo nikakumbuka kwamba umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Friji lilikuwa linagonga ndani ya simu. Nikarudia kusikiliza, na yule mtangazaji, ukimvua ile sauti nzito ya kuigiza, ni rafiki wa mume wangu wa kazini ambaye amekula kwangu mara nyingi.

Mpaka leo sijamwambia kitu. Nampakulia, ananisimulia lifti zilizokwama, ananiuliza, “Leo hujakamata mtu?” nami najibu, “Bado.”

Ingekuwa mchezo wetu wawili ningenyamaza. Lakini kuna mpwa mwenzetu, mama mtu mzima, fundi cherehani, alijishonea gauni kwa ajili ya siku ile, akafika ukumbini akakuta kufuli. Akaandika kundini, “Nimepigwa na jua bure, wapwa, ila gauni mlinzi kaliona.” Watu wakacheka, mimi nikalia, kwa sababu namjua, marehemu mume wake alimposa kwa nyimbo za Shangazi. Msimamizi wa kundi amekasirika, ameagiza Chujio amtafute Mtiifu na jina litolewe Jumapili.

Nikimtaja, namwaibisha mtu aliyenitoa kitandani. Nikinyamaza, mwongo ni mimi. Na nikimwambia nyumbani kwamba nimejua, naogopa ataacha, na sijui kesho yake nitaamkia nini. Nifanyeje?

Barua nimeianza asubuhi, nimeimaliza sasa. Nalala saa saba kasoro robo usiku.

Chujio

*

Mdogo wangu Chujio,

Jibu hili nimekutumia kwanza wewe mwenyewe. Gazetini litatoka wiki ijayo, mkiwa mmekwisha malizana.

Pole kwa mtoto. Naanza na hilo kwa sababu wewe umelipita mbio, kisha ukakimbilia vivuli na tarehe.

Sasa nikugombeze. Zaidi ya wiki unakula meza moja na mtu, unajua, naye hajui kwamba unajua. Kwa hiyo na wewe una uongo wako, tena wako hauna kosa la wazi. Na huyo mume wako ana upendo mwingi na busara kidogo. Kukutafutia sababu ya kuamka ni jambo jema, lakini dawa yako ameichota kwenye machozi ya watu wengine. Mama wa gauni nani alimwomba ruhusa?

Lakini kuna kitu kimekupita, wewe unayekagua kila kitu. Umenieleza ulivyoumia wewe, umenieleza alivyokutazama mlangoni. Hujanieleza yeye alilia wapi. Kwani mtoto alikuwa wako peke yako? Mwanamume anayejifungia jikoni na rafiki yake kurekodi habari za uongo ili mkewe ale mkate, huyo naye anatafuta pa kushika. Wewe alikuuguza. Yeye nani kamuuguza?

Fanya hivi. Leo akirudi, simu zikae chumba kingine. Mwambie umejua, na umejuaje. Atakana, au atacheka, mwache. Usimuulize kwa nini alifanya, hilo unalijua. Muulize siku ile aliyorudi kutoka hospitali peke yake, vitu vya mtoto alivifanya nini.

Msimamizi mwandikie kwamba mtu amepatikana na Jumapili atajisemea mwenyewe. Aandike kwa mkono wake, aombe radhi, asikutangulize wewe kama kisingizio. Wakimtoa kundini, atoke. Nawe useme kwamba ulijua ukanyamaza, na wakikuvua cheo chako, kubali.

Kabla ya hapo, Jumamosi, nendeni wote wawili kwa yule mama. Msimpigie simu, mbisheni hodi. Akimaliza kuwagombeza, na atawagombeza, mwombeni awaonyeshe gauni, kisha mkae, msiwe na haraka ya kuondoka.

Unaogopa utaamkia nini. Waongo hawataisha duniani, mdogo wangu, kazi utakuwa nayo. Ila kesho asubuhi ukifumbua macho, simu iache ilipo. Geuka upande wa pili, kuna mtu pale. Muulize ameamkaje.