Bango la Mama Arobaini

Jumapili, saa kumi jioni, Nyegezi. Jua limewaka tangu asubuhi, na wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi, wameingia mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Nimewatoa kwa kijiko, nikanywa. Baada ya yale niliyoyaona jana, wadudu ni kitu gani?

Jana tulimfanyia mama sherehe ya kutimiza miaka sabini. Niseme vizuri: jana mdogo wangu Shija alijifanyia sherehe, na mama alialikwa.

Shija ni injinia. Ameshuka kutoka Dar na mkewe, wifi yangu, ambaye mama yangu anamwita "Mamii" kwa sauti ya puani. Na wameshuka na bango. Lilifunika ukuta mzima wa ukumbi kule Pasiansi. Juu yake, kwa maandishi ya dhahabu, neno "mama" kwa lugha arobaini. Kichina kipo, Kijapani kipo, Kituruki na Kihungari vipo. Mama yangu safari yake ndefu kuliko zote ni Tabora, na alirudi akisema maji ya kule hayana ladha.

Kisukuma hakikuwepo.

Narudia ili mwenyewe niamini. Lugha arobaini, na "mayu" haimo. Shija huyo huyo alikuwa akilia "mayu, mayu" akikimbizwa na jogoo hapo uani kwetu, na mama anatoka na mwiko mkononi kumwokoa. Leo anamtafutia mama yake jina kwenye simu. Kihaya hakimo, Kijaluo hakimo, ziwa zima halimo. Lakini Kijojia kimo, lugha ya watu wa Georgia, na pale chini limeandikwa "mama". Sasa, mimi nafundisha lugha, na haya mambo huwa nayasoma. Watu wa Georgia wakisema "mama" wanamaanisha baba. Mama yao wanamwita "deda". Kwa hiyo mtaalamu wetu wa Dar alimtundika baba wa watu juu ya kiti cha mama yangu, akapiga picha.

Halafu MC akashika kipaza sauti. Eti neno "mama" tuliletewa na Wazungu, ndiyo maana dunia nzima inafanana. Watu wakapiga makofi! Mtu mzima na suti yake hajawahi kukaa karibu na mtoto mchanga? Mtoto anafumba midomo, anaifumbua, sauti inatoka. Anayemnyonyesha yuko hapo hapo, anafurahi, anadhani ameitwa. Nani aliletewa nini hapo? Mzungu alikuja na bunduki na vitabu, midomo tulikuwa nayo.

Nilifyonya mpaka jirani yetu, bibi mmoja Mjaluo wa Rorya aliyekaa na mama meza kuu, akageuka kunitazama.

Chini kabisa ya bango, kwa herufi kubwa kuliko zote: HONGERA MAMA SHIJA.

Hapo kwa msomaji asiyetujua inabidi nieleze. Mimi ni Doto. Kwetu pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija. Kulwa wetu alifariki kwa homa tukiwa na miaka sita. Lakini mama alishaitwa Mama Kulwa, na jina hilo halikuzikwa. Sokoni ni Mama Kulwa. Kanisani ni Mama Kulwa. Yule bibi wa Rorya anamwita "min Kulwa", kwa Kijaluo chake, ni hivyo hivyo.

MC akatangaza, "Sasa tunamwomba Mama Shija asimame!" Muziki ukapigwa. Mama akabaki amekaa. MC akaita mara ya pili. Mama akageuza shingo kuangalia mlangoni, kama mwenyeji anayemsubiri mgeni aliyechelewa. Mara ya tatu MC alimfuata hadi mezani, akamwekea kipaza sauti mdomoni, na ukumbi mzima ukasikia mama akiuliza kwa upole kabisa: "Mama Shija ndiye nani?"

Watu wakacheka. Wakadhani bibi ana utani. Shija alicheka kuliko wote.

Mama hakuwa anatania. Namjua.

Alisimama, akacheza kidogo, akakata keki, akalishwa kipande na wifi mbele ya kamera. Sato wa kukaanga hakumgusa. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namtukana Shija kimoyomoyo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo sitaki kuiandika.

Wiki mbili zilizopita Shija alinitumia picha ya bango. Alisema, dada, wewe ndiye mwalimu wa lugha, likague. Nikakagua. Nikaona Kisukuma hakipo. Nikaona baba wa Georgia. Nikanyamaza kimya, nikitaka aaibike mbele za watu. Hakuna aliyegundua, kwa hiyo hata uchawi wangu haukufanya kazi.

Na chini ya bango, kwenye picha ile, palikuwa pameandikwa HONGERA MAMA KULWA.

Ndiyo. Shija, pamoja na ujinga wake wote, alianza kwa kuandika sawasawa. Ila akauliza kama ni vizuri jina la marehemu kuwekwa kwenye sherehe ya furaha. Nikamjibu kwa neno moja: "Ondoa."

Nilidhani akimwondoa Kulwa, anayefuata ni Doto. Si ndivyo tunavyohesabu? Mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki. Mimi ndiye ninayejua dawa ipi anaimeza na ipi anaificha chini ya mto. Miaka zaidi ya arobaini nasikia mama yangu akiitwa kwa jina la mtu mwingine, na nilitaka siku moja tu, ukutani, kwa dhahabu, aitwe kwa jina langu. Injinia akajiandika yeye.

Nimemdharau Shija tangu jana. Aliyelifuta jina ni mimi.

Leo baada ya ibada nimekwenda kwa mama. Nimekuta bango limetandazwa uani, maandishi juu, na mama ameanika michembe juu yake. Viazi vilivyokatwa vizuri, vimefunika Uchina, Uturuki, vimemfunika na yule baba. Alikuwa ameinama anavigeuza kimoja kimoja. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia bango ni gumu, halitaloanisha viazi, Shija amefanya jambo la maana.

Nikamwambia yote. Kwamba jina nililitoa mimi, na kwa nini. Nilikuwa natazama viatu vyangu kama mwanafunzi aliyechelewa.

Hakuacha kugeuza michembe. Akamaliza mstari. Kisha akasema:

"Wewe, mama, una watoto wanakuita. Una wanafunzi. Shija ana ofisi nzima. Kulwa hana mtu. Nikiacha kuitika mimi, nani atamtaja?"

Alisema tu, hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejitetea.

Nikainama upande wa pili wa bango nikaanza kugeuza. Jua lilikuwa kali, na viazi vilikuwa vimeanza kukauka pembeni.

Baadaye mtu akapiga hodi kwenye geti. Alikuwa yule bibi wa Rorya, amerudisha sufuria. Akaita kama anavyoita siku zote, min Kulwa, min Kulwa. Kila siku nikisikia hivyo huwa naingia ndani, najifanya nina kazi jikoni.

Leo mama mikono yake ilikuwa imejaa. Nikaitika mimi.

"Yupo, bibi. Mama Kulwa yupo. Karibu."