Hakuna Aliyekufa, Lakini Mabakuli Yanazidi Kuja

Mpendwa Bi Noreen,

Naomba msaada wako, na naomba pia usilitaje jina langu gazetini, ingawa sijui kwa nini najisumbua kuomba hilo, maana gazeti lenu linasomwa hapa Mallaby na kule Corrin tu, na huko kote hakuna asiyejua mimi ni nani, siku hizi hata mtoto wa chekechea akiniona dukani anamvuta mama yake sketi na kumwambia, "Mama, yule ndiye mume wa yule."

Basi mimi ndiye mume wa yule. Mke wangu, Janelle, alifanya kazi miaka saba katika ofisi ya mbunge wetu, Mheshimiwa Russell Haddrick, akimpangia safari na kujibu barua za wazee wanaolalamikia barabara, na mwezi wa Julai ikajulikana kwamba kwa karibu mwaka mzima wawili hao walikuwa wapenzi, na haikujulikana kwa mimi kugundua, la, ilijulikana kwa gazeti la jiji kuchapisha picha yao, na mimi picha hiyo niliiona nikiwa kwenye foleni ya duka la mikate, imelazwa juu ya kaunta, na Glenys mwenye duka akaligeuza gazeti upesi kifudifudi, halafu akanipa keki ya bure. Hapo ndipo yalipoanza haya mambo ya chakula.

Wewe ni mtu wa huku, unajua desturi yetu, mtu akifiwa au akivunjika mguu watu wanampikia, wanamletea chakula ndani ya bakuli la oveni, na chini ya bakuli kuna kipande cha utepe chenye jina la mwenyewe ili ukishakula uoshe, urudishe. Sasa kwangu hakuna aliyekufa wala aliyevunjika kitu, lakini ndani ya wiki tatu nimeletewa mabakuli kumi na tisa, Bi Noreen, kumi na tisa, friza haifungi, na yote yamejaa vitunguu, na mimi vitunguu vinanivuruga tumbo tangu utotoni, ila siwezi kumwambia mtu kwa sababu kwa miaka kumi na miwili, kila siku ya uchaguzi, ni mimi ninayekaanga vitunguu kwenye banda la kuuza soseji za kuchangia kikosi chetu cha zimamoto pale nje ya shule watu wanapopigia kura, na wote wanaamini hakuna mtu wilaya hii anayependa vitunguu kama mimi, kwa hiyo kila siku nakaa mezani na uma nachokoa kitunguu kimoja kimoja kama mtu anayetafuta mwiba.

Na kula si tatizo, tatizo ni kurudisha, maana bakuli huwezi kuliacha mlangoni ukaondoka, utaonekana huna adabu, lazima uingie unywe chai, na chai ya siku hizi ni mahojiano. Nilipomrudishia bakuli lake Mama Beryl Stokes alinivutia kiti kabla sijavua kofia.

"Kaa, mwanangu. Sasa niambie ukweli, hukuona dalili yoyote?"

"Sikuona, mama."

"Hata pale aliponunua viatu vyekundu?"

"Vilikuwa vya netiboli."

"Ehee," akasema, akimgeukia mumewe. "Umesikia? Vya netiboli."

Nikatoka hapo nikaenda kwa Merv wa kituo cha mafuta, ambaye bakuli lake lilikuwa la mkewe, nikidhani mwanaume mwenzangu ataniacha nipumue.

"Mimi Russell simtetei," akaanza, "lakini bwana, daraja si alituletea?"

"Daraja na mke wangu vinahusiana nini, Merv?"

"Nasema tu. Bila yeye tungekuwa bado tunazunguka kilomita arobaini kufika hospitali."

Na hivyo ndivyo ilivyo kila nilipokwenda, mheshimiwa ni mwanaume, mheshimiwa amechoka, mheshimiwa kazi zake nyingi, mheshimiwa ameomba radhi redioni na sauti ilimtetemeka, na wiki iliyofuata alikuja na mkewe kwenye maonyesho ya kilimo akapigwa picha amepakata mwanakondoo na watu wakampigia makofi, na nakwambia ukweli hata mimi mikono ilitaka kupiga kwa mazoea. Lakini Janelle aliachishwa kazi siku ileile picha ilipotoka, na wale mama wa timu ya netiboli aliyokuwa akiifundisha walikaa kikao wakapiga kura asifundishe tena wasichana wadogo, na nusu ya wasichana hao ni yeye aliyekuwa akiwapeleka kwenye mechi kwa gari letu kila Jumamosi, mvua na jua. Sasa yuko Corrin kwa dada yake. Anasema yeye na mheshimiwa walikwishaachana kabla ya picha kutoka. Mimi sikumjibu kitu, nilimfungia begi, nikalibeba mpaka kwenye gari.

Kisha akaja Lionel Foy, ambaye mwaka wa tatu huu anatafuta mtu wa kumng'oa Haddrick na amekuwa akishindwa, akakaa jikoni kwangu na kamati yake ya watu wanne wakala tambi za nyama nilizoletewa, akaniambia nigombee ubunge.

"Mimi natengeneza pampu za maji, Lionel. Sina la kusema."

"Usiseme kitu! Wewe simama pale tu, watu wakuone. Ukianza kuongea utaharibu."

Nikacheka, na wao wakadhani kucheka ni kukubali, wakanipiga picha nikiwa kwenye sinki naosha bakuli, na sasa picha hiyo imebandikwa kwenye dirisha la duka la mbegu na chini yake neno moja, MWAMINIFU, na Jumapili ya wiki ijayo saa tisa alasiri kuna mkutano ukumbini wa kunitangaza, Glenys anaoka keki, bendi ya shule itapiga.

Na Jumatano iliyopita Janelle ameniandikia kwenye simu, "Naweza kuja Jumapili ya wiki ijayo saa tisa? Nataka tuongee. Kama hutaki nitaelewa." Hajui habari za mkutano. Ni siku ya nne leo, sijamjibu. Bi Noreen, nataka aje. Nina hasira naye ambayo sijui niiweke wapi, kuna siku natengeneza pampu ya mtu naipiga nyundo bila sababu, lakini nataka aje, na hili sijamwambia mtu yeyote, ila gari lake likionekana mbele ya nyumba yangu watu watasema nini, wamenipikia kumi na tisa, nitakuwa kama nimewaibia chakula. Na juu ya hayo yote kuna bakuli moja la bluu linanitesa, liliachwa kwenye veranda Jumanne mchana nikiwa kazini, kondoo kwa viazi, nililila lote bila hata kuchukua uma wa kuchokolea, nikafuta sahani kwa mkate, na halina utepe wala jina, nimeuliza mtaa mzima na kila mtu anasema si lake, sasa na hilo nalo nimrudishie nani? Nisaidie, nimechoka.

Wako,
Mume wa Yule, Mallaby

*

Mume wa Yule,

Pole sana. Nimesema mara moja na sitarudia, maana pole unazo kumi na tisa kwenye friza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu na kalamu mkononi. Umeniambia alichosema Beryl, alichosema Merv, alichosema Lionel, mpaka mikono yako ilichotaka kufanya kwenye maonyesho. Ulichomwambia mkeo nimekitafuta sikukiona. Ulimfungia begi! Watu wazima wawili, ndoa ya miaka, na kubwa ulilofanya ni kukunja sweta zake. Halafu mwezi mzima umekunywa chai na wilaya nzima ukijadiliwa mbele ya uso wako, na unaitikia ndiyo mama, sivyo mama. Hivi wewe hukasiriki?

Nisikilize vizuri. Janelle alikukosea, na alikukosea vibaya, siwezi kulipunguza hilo ili upate usingizi. Lakini aliyekosewa ni wewe. Hakumkosea Glenys. Hakumkosea Merv, ambaye inaonekana ukimjengea daraja unaweza kuchukua chochote nyumbani kwake. Kusamehe au kutosamehe ni kazi yako peke yako, na kikao cha kuipigia kura hakuna.

Na ninyi wengine mnaosoma huku mmeshika kikombe, msidhani siwaoni. Wawili walifanya kosa moja. Mmoja, ambaye ndiye mkubwa wa kazi, ndiye mwenye ofisi na ndiye tuliyempa kura zetu, mmempa mwanakondoo na makofi. Mwingine mmemnyang'anya hata wasichana wa netiboli. Mama wa netiboli, nawauliza kwa adabu: Jumamosi hizo zote alipowabebea watoto mkiwa mmelala, viatu vyake vilikuwa vya rangi gani? Mheshimiwa naye nimemsikia redioni, ameomba radhi kwa wapiga kura, kwa chama na kwa mkewe. Mume wa mfanyakazi wake hakumtaja. Anwani ya mume huyo Bwana Haddrick anayo, alikuwa akimtumia kadi ya Krismasi kila mwaka.

Turudi kwako. Ubunge, hapana. Leo hii, kabla hujamaliza ukurasa huu, mpigie Lionel umwambie hapana, na usicheke ukisema, umeshaona kicheko chako kinavyokuponza. Mwambie atoe picha ile dirishani. Hawakutaki wewe, wanataka aibu yako isimamishwe jukwaani ipigiwe bendi. Zaidi ya hapo, mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili ameshindwa kuwaambia majirani kwamba vitunguu vinamuumiza tumbo, bungeni atakwenda kusema nini?

Mabakuli yaliyobaki yarudishe yote Jumamosi asubuhi. Yapange kwenye meza nje ya ukumbi, yakiwa safi, majina yakitazama juu, uondoke. Watasema huna adabu. Waache waseme, wanasema tayari. Ulichokula wamekupa, hujaiba, na hakuna aliyenunua mlango wa nyumba yako kwa bakuli la tambi. Mtu akikuuliza habari za Janelle, jibu lako ni hili: "Hayo ni yangu na yeye." Lifanyie mazoezi ukiwa na hizo pampu.

Sasa lile la bluu.

Ndugu yangu, umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba mji wote unaamini unapenda vitunguu. Mabakuli kumi na tisa yamejaa vitunguu kwa sababu kila aliyepika alitaka kukufurahisha. Limekuja moja halina hata kimoja, ukalila mpaka ukafuta sahani, halafu ukazunguka mtaa mzima ukiuliza ni la nani! Nilipofika hapo niliiweka barua chini nikaenda kusimama dirishani, nilitaka kukupiga na gazeti lenyewe. Nani mwingine chini ya jua anajua unachokula na usichokula? Aliendesha gari kutoka Corrin mchana kweupe, sijui alipita njia gani asionekane, akaliweka kwenye veranda yake mwenyewe akaondoka. Jina hakuandika kwa sababu anajua tunavyolifanyia jina lake. Kesho yake ndipo akakuomba ruhusa ya kuja.

Sikwambii umrudishe nyumbani. Huenda mkikaa mkaongea mtaona yamekwisha, na yakiisha yaishie kwenu jikoni, si kwenye kaunta ya mikate. Mwambie hasira yako yote, mwambie na habari za nyundo. Naye muache amalize sentensi zake. Lakini siku zote hizi za kumnyima jibu mtu aliyekupikia hivyo, hapana, hilo sikubaliani nalo kabisa.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Ukilishika, chukua simu umwandikie neno moja: njoo. Jumapili bendi ipige huko ukumbini. Wewe kaa nyumbani, lioshe bakuli la bluu, na saa tisa ikifika usilirudishe kwa kuliacha mlangoni. Mpe mkononi, na chai umtengenezee wewe.

Noreen