Bibi wa Chumba cha Nyuma

Biryogo, Jumamosi, mwezi wa nne, 1992

Mvua tangu alfajiri, na matope yameingia mpaka barazani.

Leo nimekwenda kumdai kodi mwenye nyumba.

Sijakosea kuandika. Mwenye nyumba, mimi, kodi.

Baba alifariki, na hii ni wiki ya saba. Mama yuko edani, hatoki. Kaka yangu Idi kazi yake ni kugawa mirathi mdomoni: yeye achukue vyumba vya mbele, sisi wasichana tupate nusu ya fungu lake. Anayenunua mkaa na maharage ni mimi na cherehani yangu, na bei zinapanda kila nikienda sokoni. Ndipo nikamkumbuka Bibi Zaituni wa chumba cha nyuma. Mbona halipi?

Nimezaliwa nikamkuta pale. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, akitoka msikitini, Baba alivuka ua na kalamu mfukoni, akaingia kwake, akakaa kidogo, akatoka. Sisi tulijua anachukua kodi. Nani angewaza vingine? Mtaa mzima unaita hapa kwa Hamisi, kwa jina la Baba.

Basi asubuhi nimevuka ua na ulimi wangu huu ninaoujua mwenyewe. Nimemwambia miezi miwili imepita, msiba si ruhusa ya kukaa bure, na kama hawezi kulipa, wanaotafuta chumba wapo. Alikuwa anachambua mchele. Aliniacha nimalize. Halafu akavuta sanduku chini ya kitanda.

"Hii nyumba iko yangu, mwanangu," alisema. "Baba yako ndiye alikuwa ananilipa."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Akanipa karatasi ya nyumba kutoka komini, ofisi ya serikali, yenye muhuri, jina la marehemu mumewe na jina lake. Chini yake daftari. Bibi hajui kuandika, kwa hiyo Baba ndiye alimwandikia humo risiti za kodi aliyolipa yeye mwenyewe: "Nimepokea kutoka kwa Hamisi kodi ya mwezi huu." Pembeni, alama ya kidole gumba cha Bibi kwa wino. Kurasa na kurasa, miaka na miaka. Mwandiko ni ule ule uliosaini ripoti zangu za shule. Na daftari lilikaa kwa Bibi siku zote, ndiyo maana hatukuwahi kuliona.

Nilikaa kitandani kwake bila kukaribishwa. Akanieleza kwamba alipofiwa na mume aliona nyumba kubwa inampwaya, akahamia nyuma na kumpangisha Baba. Ile miezi miwili ni sisi tunaodaiwa, na hakuitaja hata mara moja.

"Mama yako amalize eda yake hapa," alisema. "Halafu tutaongea."

Halafu. Neno hilo limenikaa kifuani mchana kutwa. Baada ya eda tutakwenda wapi?

Nina hasira na Baba, acha niseme tu. Sikumbuki akisema nyumba ni yake. Lakini alipaka geti rangi, aliitikia watu walipomwita mwenye nyumba, na sisi akatuacha tuamini. Idi ameshamwahidi rafiki yake chumba kimoja. Nitamwambiaje?

Jioni nimemweleza Mama yote, pale pale kwenye mkeka wake. Niliogopa ataanguka. Tasbihi ilisimama kidogo tu vidoleni mwake, akaniangalia.

"Ulimsalimia kwanza?"

Alijua. Miaka yote hiyo Mama alijua.

Na mimi sikumsalimia. Nilianza na kodi.

Kesho kabla sijagusa cherehani nitavuka ua tena. Nitaanza na salamu, nitaomba radhi, kisha nitampa kodi ya mwezi mmoja, maana ya miwili sina. Nitakwenda na kalamu pia. Sasa wa kumwandikia Bibi risiti ni mimi.